Milimita Ishirini na Mbili

Zahanati ya kijiji haikujengwa kwa ajili ya kuotesha bakteria. Ina kipimo cha haraka cha malaria, ina vijiti vya kuchovya kwenye mkojo, ina dawa za aina chache, na ina tabibu anayewajua watu wa eneo lake kwa ukoo na kwa kitongoji. Mgonjwa wa kata ya Mbebe, wilayani Ileje, ambaye kidonda chake cha upasuaji kimeikataa amoksilini, kisha kikaikataa na sindano ya seftriaksoni, huanza kupandishwa ngazi. Kwanza hospitali ya wilaya pale Itumba. Kisha lami ya kutoka Isongole hadi Mpemba, kisha Vwawa yaliko makao makuu ya mkoa wa Songwe, na hali ikizidi kuwa mbaya, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Njiani dawa hubadilishwa mara mbili tatu. Swali lililostahili kuulizwa mwanzo, kwamba huyu ni mdudu gani na anakufa kwa dawa ipi, huulizwa mwisho.

Kazi ninayotaka kuisifu huanzia hapo. Hufanywa na mtu ambaye mgonjwa haonani naye, na ambaye ndugu wa mgonjwa hawamletei soda siku ya kuruhusiwa. Wizara ya Afya huiita ufuatiliaji wa UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Katika mipango kazi ya taifa, wa kwanza wa 2017 hadi 2022 na wa pili wa 2023 hadi 2028, husomeka kama shughuli ya takwimu: hospitali teule, fomu, ripoti, na Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii jijini Dar es Salaam inayokusanya yote. Yote hayo yapo. Lakini karibu kila tarakimu katika ripoti hizo ilizaliwa mahali ambapo mtu alitenda jambo dogo kwa vidole vyake, akalitenda vizuri au vibaya. Muhimbili, Bugando, KCMC na Mbeya zimo miongoni mwa hospitali zilizotangulia kubeba kazi hiyo, na ukitaka kujua kama uiamini ripoti ya nchi, nenda ukaangalie vidole vya watu wa huko.

Vidole vya kwanza ni vya nesi wodini. Ngozi ya binadamu imejaa bakteria wasio na ubaya wowote wakikaa walipo, na sindano ikipita juu yao bila ngozi kusafishwa huwabeba hadi ndani ya chupa ya damu. Baada ya siku mbili chupa inaota, maabara inaandika kuna bakteria, mgonjwa anapewa dawa kali asiyoihitaji, na nchi inahesabu maambukizi ambayo hayakuwapo. Tiba yake ni spiriti ya asilimia 70 na subira. Nesi hufuta, kisha husubiri ngozi ikauke yenyewe bila kuipuliza wala kuipapasa tena kutafuta mshipa. Ule muda wa kukauka ndio unaoua. Maabara makini hulenga chupa zenye uchafu wa ngozi zisifike 3 katika kila 100, na namba hiyo hubandikwa ukutani ili kila wodi ijione.

Kisha kuna wingi wa damu. Katika mililita moja ya damu ya mtu mzima anayekaribia kufa kwa maambukizi huenda kukawa na bakteria mmoja tu aliye hai, au asiwepo kabisa. Kwa hiyo chupa ya mtu mzima hutaka mililita 8 hadi 10. Ukimwonea huruma mgonjwa ukachukua 3, unaweza kuwa umewaacha wadudu wote mkononi mwake na kuandika kwamba damu ni safi. Damu hiyo inatakiwa ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya dawa, na chupa isiwekwe kwenye friji hata kwa nia njema. Sheria hizi ni nyepesi kuzisoma mchana. Saa nane za usiku, wodi ina nesi mmoja na wagonjwa wa kujaza vitanda na mikeka, kuzifuata ni ufundi.

Maabara nayo ina jiko lake. Bakteria lazima wale ndipo waonekane, na chakula chao hupikwa: unga hupimwa kwenye mizani, huchanganywa na maji yaliyosafishwa, huchemshwa, hutiwa kwenye chombo cha mvuke na kumiminwa kwenye sahani kabla haujaganda. Kinachogandisha ni aga, zao la mwani. Wazo la kuitumia maabarani lilitoka kwa Fanny Hesse, mke na msaidizi wa daktari Mjerumani Walther Hesse, mnamo 1881. Alikuwa akiitumia kugandisha jeli nyumbani, baada ya kuelekezwa na jirani aliyewahi kuishi Java. Kabla yake wataalamu walitumia jelatini, ambayo huyeyuka kwa joto lilelile ambalo bakteria wa binadamu wanalipenda. (Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wasijisifu haraka, mwani wao hutoa karajinani, ndugu wa aga lakini si aga.) Jina la mama huyu halikuwekwa kwenye sahani wala kwenye chakula chochote cha bakteria, na nina hakika wataalamu wetu wengi wamemaliza chuo bila kulisikia.

Jiko hilo likiwa Mbeya lina shida yake ambayo Dar es Salaam hawaijui. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 hivi, na kipimo cha mgandamizo kwenye chombo cha mvuke husoma tofauti kati ya ndani na nje. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, mshale unaweza kusimama pale pale unaposimama Muhimbili huku ndani joto halijafika nyuzi 121 zinazotakiwa. Fundi wa nyanda za juu hauamini mshale. Huangalia kipimajoto, huweka utepe unaobadilika rangi, na mara kwa mara hufungia humo vijidudu vigumu vya majaribio ili ahakikishe wamekufa. Asipofanya hivyo, chakula chenyewe kitaota kabla ya damu ya mgonjwa.

Chupa ya damu hukaa kwenye joto la nyuzi 35 hadi siku 5, hata 7 pale isipokuwapo mashine. Mashine ikiwapo hulia yenyewe. Isipokuwapo, mtu huiinua kila chupa kwenye mwanga kila siku: anatafuta ukungu, mapovu, au damu iliyopauka. Akiona dalili, tone moja huenda kwenye kioo na kupakwa rangi kwa namna aliyoibuni Mdenmaki Hans Christian Gram mwaka 1884. Zambarau, iodini, kisha spiriti ya kusuuza, kisha nyekundu. Hatua ya spiriti ni ya sekunde chache, na hapo ndipo wanafunzi huharibu: ukikawia kidogo, kila kitu kinakuwa chekundu, na bakteria wa kundi moja anasomeka kama wa kundi jingine. Jibu la kioo hicho halisubiri karatasi. Hupigwa simu wodini papo hapo: "Dokta, chupa ya yule mama wa upasuaji imeota. Vijiti vyekundu, Gramu hasi. Jina kamili kesho." Kwa mgonjwa, simu hiyo huenda ikawa na thamani kuliko ripoti zote zitakazofuata.

Tone jingine hukwaruzwa kwenye sahani. Kwenye aga ya MacConkey, E. coli hutoka pinki na kavu. Klebsiella hutoka pinki na nono, yenye ute, na ukiigusa kwa kitanzi na kuinua, ute hukufuata. Wataalamu wa siku nyingi hulijua jina kabla ya vipimo vya uthibitisho, lakini hawaliandiki. Hiyo ni tabia ninayoiheshimu kuliko kipaji chenyewe: kulijua jambo na kukataa kulisema hadi lithibitike.

Sasa tufike kwenye duara, ile sehemu tupu inayobaki kuizunguka dawa iliyowazuia bakteria.

Njia inayotumika sana katika maabara zetu kupima dawa ipi inamuua mdudu ilipangwa na Bauer, Kirby, Sherris na Turck wa Seattle, Marekani, katika makala yao ya 1966. Haina mashine. Inataka sahani ya aga ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimita 4, usufi wa pamba, vidiski vya karatasi vyenye upana wa milimita 6 vilivyolowekwa dawa, kabati la joto, na rula. Kwa sababu ni rahisi, watu huidhania ni nyepesi.

Mtaalamu huanza kwa kuchota vichipukizi vichache vya bakteria wa sahani ya jana na kuvikoroga kwenye maji ya chumvi hadi maji yawe na ukungu wa kiwango fulani. Kiwango hicho ni cha kichupa kilichofungwa chenye mchanganyiko wa bari, na hulingana na bakteria kama milioni 150 kwa kila mililita. Hushika vichupa viwili sambamba mbele ya kadi yenye mistari myeusi, na mistari ionekane kwa ukungu uleule kupitia vyote viwili. Akizidisha bakteria, duara litasinyaa na dawa nzuri itaonekana mbovu. Akipunguza, duara litapanuka na dawa mbovu itaonekana nzuri. Jicho ndilo mizani.

Kisha huchovya usufi, huukamua ukutani mwa kichupa, na kuupaka kwenye sahani. Hupita uso wote mara moja, huigeuza sahani nyuzi 60, hupita tena, huigeuza tena, hupita mara ya tatu, na mwisho huzunguka ukingoni. Fundi wa lipu anayejua kazi hupita ukuta hivyo hivyo, hairuhusu sehemu ibaki na unene wa peke yake. Sahani huachwa dakika 3 hadi 5 unyevu ushuke, isizidi 15. Vidiski navyo vimeshatolewa kwenye friji mapema na kichupa chake hakifunguliwi hadi kipoteze ubaridi, maana ukifungua kikiwa baridi, umande huingia na kuiua dawa ndani ya karatasi kidogo kidogo. Kila diski hushikwa kwa koleo ndogo, huwekwa, hubonyezwa. Ikishagusa haihamishwi, hata kama imekaa vibaya, kwa kuwa dawa imekwisha kuanza kutembea kwenye aga. Sahani ya milimita 100 haibebi zaidi ya diski 5 au 6. Ukibana zaidi ya hapo, maduara yatagongana na hutajua mpaka wa nani ni upi.

Usiku bakteria huota na kufunika sahani nzima isipokuwa pale dawa ilipowazuia. Baada ya saa 16 hadi 18, mtaalamu huigeuza sahani juu ya kitu cheusi, huimulika kwa pembeni, na kupima kipenyo cha kila duara kutoka mgongoni, kwa macho matupu. Ukingo wa duara haukati kama sarafu. Septrini huacha utandu mwepesi unaopaswa kupuuzwa. Proteus husambaa kama pazia jembamba ndani ya duara, na pazia hilo nalo hupuuzwa. Lakini kichipukizi kimoja kilichosimama peke yake ndani ya duara safi hakipuuzwi hata siku moja. Huenda sahani imechafuka, huenda kuna bakteria wachache walioishinda dawa na ndio watakaobaki baada ya dozi ya tatu. Mtaalamu hukichota, hukiotesha upya, na jibu linachelewa siku nyingine. Daktari hukasirika. Mtaalamu hukaa kimya.

Kuna mpangilio mmoja ambao mimi nauona ni mzuri kuutazama. Bakteria wengi sugu wa wodini hutengeneza vimeng'enya vinavyoikata seftriaksoni na jamaa zake. Ukiweka diski ya seftriaksoni karibu na diski yenye klavulaniti, kwa umbali wa milimita 20 hivi kutoka kitovu hadi kitovu, klavulaniti huvifunga vile vimeng'enya pale zinapokutana. Duara la seftriaksoni, lililokuwa dogo na la huzuni, huvimba upande mmoja tu, upande unaoitazama jirani. Hakuna kompyuta iliyohusika. Karatasi mbili zimewekwa kwa umbali sahihi, na mdudu ameonyesha mwenyewe silaha anayotumia.

Halafu rula inasoma namba, na namba huamuliwa na jedwali. Staphylococcus aureus hupimwa kwa diski ya sefoksitini: duara la milimita 22 kwenda juu, bakteria huyo anatibika kwa dawa za jamii ya kloksasilini, milimita 21 kwenda chini, ni sugu, na huingia kwenye hesabu ya wale ambao dunia nzima inawaogopa wodini. Hapo katikati hapana kitu. Hakuna safu ya wastani wala ya "huenda". Mtu amesimama na rula, mpaka wa duara una ukungu, taa ya umeme imepepesa, na milimita moja inaamua dawa ya mgonjwa huyu na pia alama ya taifa. Fundi wa kweli husoma, huiweka sahani chini, huichukua tena na kusoma upya bila kutazama alichoandika. Namba zikipishana humwita mwenzake: "Kaka, njoo unisomee hii, sikwambii yangu."

Anajuaje kwamba kosa haliko kwenye aga au diski? Kwa sababu kwenye friji yake anaishi E. coli mmoja anayefahamika kwa namba, ATCC 25922, wa ukoo uliochukuliwa kwa mgonjwa huko Seattle mwaka 1946 na kusambazwa duniani kote. Tabia zake zinajulikana hadi milimita. Kwa gentamisini, duara lake lazima liangukie kati ya 19 na 26. Hupimwa kwa aga ileile na diski zilezile atakazopimiwa mgonjwa wa Mbozi au Tunduma. Likisoma 17, majibu ya wagonjwa wa siku hiyo hayatoki, na mtaalamu huanza kutafuta: unga umepimwa vibaya, diski zimekwisha nguvu, au kabati la joto lilizimika umeme ulipokatika. Kuna watu wanaoona huko ni kupoteza siku na vifaa. Mimi naona ndiyo heshima yote ya kazi hii, kwa kuwa makosa mengi ya jiko lake yanaelekea upande mmoja. Aga ikiwa nene, duara husinyaa. Diski ikichacha, duara husinyaa. Bakteria wakizidishwa, duara husinyaa. Maabara ya ovyo hupenda kuonyesha usugu usiokuwapo, na nchi yenye friji mbovu inaweza kuonekana mgonjwa kuliko ilivyo, ikakimbilia dawa za gharama kabla ya wakati wake.

Kuanzia hapa kazi ni ya kalamu na kompyuta, lakini haipungui ufundi. Anayefuatilia maambukizi yanayopatikana hospitalini anahitaji tarehe mbili: siku mgonjwa alipolazwa na siku sampuli ilipochukuliwa. Zikipishana kwa zaidi ya siku mbili, mdudu huhesabiwa kuwa wa hospitali. Chini ya hapo huhesabiwa kuwa mgonjwa alitoka naye nyumbani. Fomu ikija bila tarehe ya kulazwa, ile Klebsiella iliyooteshwa kwa jasho inakosa kwao. Haiwezi kumwambia mtu kama tatizo liko kwenye duka la dawa mtaani au kwenye mikono ya wodini. Kwa hiyo mtaalamu hupiga simu tena: "Sista, samahani, yule mtoto wa kitanda cha dirishani alilazwa lini?" Hakuna mwongozo wa kimataifa unaoitaja simu hiyo.

Kisha kuna kuondoa marudio. Mgonjwa mahututi huchukuliwa damu mara nyingi, na mdudu wake mmoja sugu akihesabiwa kila mara atageuka kundi. Kanuni ni kumhesabu mgonjwa mara moja kwa kila aina ya mdudu katika kipindi cha ripoti. Programu ya bure iitwayo WHONET, iliyoanza 1989 kutoka Hospitali ya Brigham and Women's ya Boston, hufanya uchambuzi huo, na matokeo ya nchi huweza kupanda hadi GLASS, mfumo ambao Shirika la Afya Duniani liliuanzisha 2015. Lakini programu haiwezi kutambua kwamba "Juma H." na "Hamisi Juma" ni mtu mmoja aliyeandikishwa na makarani wawili.

Faida ya subira hii imekwisha kuonekana hapa kwetu, na zaidi ya mara moja. Katika wodi za watoto Muhimbili, watafiti walioongozwa na Bjørn Blomberg waliotesha damu za watoto 1,828 waliolazwa, wa umri wa hadi miaka 7. Makala yao ya 2007 ilionyesha kwamba asilimia 13.9 ya waliolazwa walikuwa na bakteria kwenye damu, na katika hao asilimia 34.8 walikufa hospitalini, wakati waliolazwa kwa malaria waliokufa walikuwa asilimia 20.2. Katika nchi ambako kila homa ya mtoto iliitwa malaria hadi ithibitike vingine, kuiona namba hiyo kulihitaji mtu aliyekaa na kuotesha chupa baada ya chupa.

Bugando kuna kisa ninachokipenda zaidi. Watoto wachanga waliugua kwa bakteria wa jamii ya Enterobacter ambaye hakufanana sawasawa na yeyote aliyekwisha kuandikwa vitabuni. Profesa Stephen Mshana na wenzake wa Mwanza na wa Giessen, Ujerumani, waliueleza mlipuko huo mwaka 2011. Wangeweza kumwandika "Enterobacter" na kumtupa. Walimhifadhi, na mwaka 2016 uchunguzi wa vinasaba ulimpa nafasi yake mwenyewe: Enterobacter bugandensis, kwa heshima ya hospitali alikopatikana. Miaka miwili baadaye wanasayansi wa Marekani waliripoti kwamba jamaa zake waliokotwa kwenye kituo cha anga za juu, choo kikiwa mojawapo ya sehemu hizo. Waliweza kuwatambua kwa kuwalinganisha na bakteria wa damu ya mtoto wa Mwanza. Kichupa kilichoandikwa lebo vizuri na kuwekwa kwenye friji la baridi kali kinaweza kumfaa mtu ambaye aliyekiandika hatamjua kamwe.

Hata hivyo namba za hospitali za rufaa zina mwelekeo wake, na msomaji asidanganyike. Anayefika Mbeya kutoka Ileje ameshapita kwenye amoksilini, sipro, azuma na sindano. Wadudu wepesi wamekufa njiani. Waliobaki ndio wanaooteshwa. Wale waliopona kwa dawa ya kwanza pale zahanati hawamo, wala waliofia nyumbani. Ukisoma kwamba sehemu kubwa ya E. coli wa hospitali fulani ni sugu, umesoma habari za watu ambao tiba ilishindwa kuwaponya, si habari za Mbebe. Mradi wa HATUA, uliofanya kazi Kenya, Uganda na Tanzania, na kwa upande wetu Mwanza, Kilimanjaro na Mbeya, ulijaribu kuliziba pengo hilo kwa kwenda kwenye vituo vya ngazi mbalimbali na kuwapima mkojo maelfu ya watu wenye dalili. Hata huko, bakteria sugu kwa dawa nyingi walikuwa wengi. Kwa hiyo hofu ni ya kweli, ila kipimo chake kijijini hakijakamilika. Tathmini ya nchi 14 za Afrika, Tanzania ikiwamo, iliyotolewa 2022, ilikuta kwamba katika maabara kama 50,000 ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zikipima bakteria.

Maabara hizo chache zimesimama kwa sehemu kubwa juu ya fedha za wageni. Mfuko wa Fleming wa Uingereza ulinunua vifaa na kufundisha watu katika nchi nyingi, ikiwamo yetu. Julai 2025 serikali ya huko ilitangaza kuukatisha. Kampeni ya Holela-Holela Itakukosti, iliyotufundisha kutonunua dawa kiholela, nayo ilitegemea msaada wa Marekani. Kabati la joto linabaki. Linaloisha ni diski, aga, chupa za damu, na damu ya kondoo kwa ajili ya sahani nyekundu, vitu vidogo vinavyokwisha kila mwezi na visivyopendeza kwenye picha za uzinduzi. Ningekuwa na kura ningeipigia bajeti ya diski kabla ya jengo jipya lolote.

Mwisho wa mwaka, maabara inayojiheshimu hutoa jedwali la ukurasa mmoja: wadudu upande mmoja, dawa juu, na asilimia ya waliokubali kila dawa. Kanuni ni kutoandika asilimia ya mdudu aliyepatikana chini ya mara 30. Kijisanduku huachwa na kistari. Kwa bosi anayetaka ripoti iliyojaa, kistari hicho kinaonekana uzembe. Kwa tabibu wa Itumba au wa Mbebe, jedwali lenye vistari vya kweli ndilo analoweza kuligeuza kuwa uamuzi: dawa gani aanze nayo kwa mkojo unaochoma, na ipi aiache kabisa.

Na si lazima mgonjwa asafiri ili naye ahesabiwe. Mkojo ukiwekwa kwenye kichupa chenye asidi ya boriki hudumu hadi saa 24 bila friji, na lami sasa inatoka Isongole hadi Mpemba, inakoungana na barabara kuu ya Tunduma na Mbeya. Kichupa kilichofungwa asubuhi Ileje, kikakabidhiwa dereva wa Noah pamoja na fomu yenye umri, dalili na dawa alizokwisha kumeza mgonjwa, kinaweza kuwa kwenye sahani kabla ya jua kuzama. Linalotakiwa kupangwa ni nani atalipa nauli ya kichupa hicho, na nani atakuwapo kukipokea saa kumi jioni kabla dirisha la sampuli halijafungwa.